Mlinzi Aliyejua Kuanguka

Nimechoka kusikia watu wakimsifu kwa unyenyekevu. Kila Mkenya wa Jeddah mwenye simu ana picha yake siku hizi, na kila mwenye picha ana neno hilo mdomoni. Ni mnyenyekevu. Hajabadilika. Mungu humwinua aliye chini. Baadhi ya wanaosema hivyo waliishi naye nyumba moja kule Riyadh, na ninakumbuka vizuri walivyomtendea alipokuwa huko chini. Ninajikumbuka na mimi pia, na hasira yangu inaanzia hapo.

Nilikuwa msimamizi wake kwa miaka sita. Yeye alilinda lango la pili la jengo moja la ofisi na maduka mtaa wa Al-Sulimaniyah, lango la nyuma, ambako malori ya bidhaa huingia na takataka hutoka. Leo jina lake limeandikwa kwenye mabango ya sinema, lakini mimi nitamwita Mlinzi. Ndivyo nilivyomwandika kwenye daftari la zamu, na jina lile lingine sina haki nalo.

Kuhusu huo unyenyekevu, nieleze jambo moja. Siku za mwanzo, alipokuwa akichukuliwa kupita tu nyuma ya waigizaji, watu walimwona akibeba sahani yake na kwenda kula na mafundi wa taa, Wamisri na Wapakistani, akiiacha meza ya waigizaji. Baadaye habari hiyo ilisimuliwa kama habari ya mtakatifu. Mimi nilimuuliza mwenyewe.

“Unyenyekevu gani, Mzee?” akasema. “Kwa mafundi wa taa chakula kinafika kikiwa moto. Kule mezani wanaongea mpaka wali unaganda.”

Majivuno alikuwa nayo, tena ya kutosha. Viatu vyake vya kazi alivipaka rangi kila asubuhi na hakumwazima mtu, hata ndugu aliyekuwa akienda ubalozini. Na ole wako umwambie kwamba jana umemwona kwenye tamthilia akiwa dereva.

“Hakuwa dereva tu,” angekurekebisha. “Alikuwa dereva wa familia ile kwa miaka ishirini. Hukuona nilivyofunga mlango wa gari?”

Hakuna aliyekuwa ameona. Mlango wenyewe ulionekana muda wa kupepesa jicho. Lakini nilipoitazama tena kwenye simu, kweli, aliufunga kama mtu anayejua ni wapi huo mlango hukwama.

Yote yalianza na lango. Watu wa tamthilia ya Ramadhani walikuja kupiga picha kwenye jengo letu, wakataka lori liingie kwa nyuma. Mwigizaji waliyemleta kuwa mlinzi hakujua kulisukuma lango lile, maana lilikuwa zito na lina tabia zake. Wakamwambia Mlinzi alifungue yeye. Alilifungua mara kumi na moja. Kila mara mwongozaji alisema neno moja tu, rudia. Mara ya kumi na moja wakampigia makofi, wakampa soda, wakaondoka. Nilipofika kukagua zamu nilimkuta amesimama akilitazama lango kama amelipata leo.

“Mzee,” akaniambia, “miaka yote hii, kumbe nilikuwa nikilifungua vibaya.”

Baada ya hapo alijifunza kuanguka. Kazi alizopata Mwafrika katika tamthilia zile zilikuwa chache, na nyingi zilimalizika kwa kufa: hamali anayepigwa upanga katika kisa cha kale, mlinzi anayepigwa risasi kabla majambazi hawajaingia ndani. Mlinzi akaona kwamba wenzake wa kufa walianguka kama magunia, wakaumia, na kesho yake hawakuitwa. Basi akaanza kukusanya maboksi ya friji kutoka madukani, akayatandaza kwenye paa la nyumba yetu, na kila akitoka kazini alipanda huko kuanguka. Ubavuni, kifudifudi, kwa magoti. Tulisikia kishindo juu ya vichwa vyetu tukila.

Nyumba ile tuliishi watu wanane, na msemaji wetu alikuwa dereva wa lori la maji, mtu wa maneno mengi ambaye angeweza kuwachekesha watu wa matanga. Yeye ndiye aliyembandika Mlinzi jina la Steringi, shujaa wa filamu.

“Steringi ameshuka,” angesema dereva, Mlinzi akiingia na vumbi la maboksi. “Leo umekufa mara ngapi, bosi?”

“Saba.”

“Tangu lini steringi akafa? Mimi nimeona filamu tangu utotoni. Steringi hafi. Wewe unakufa hata jina la filamu halijatoka.”

Tungecheka, na mimi nilicheka nao. Waliweka picha yake kwenye kundi letu la simu, amelala kifudifudi na mkuki mgongoni, wakaandika chini yake: Mkenya apata kazi ya kulala. Waliwatumia hata watu wa kwao. Mkewe akapiga simu akilia, akidhani amekufa kweli. Mlinzi alizungumza naye kwa utulivu karibu saa nzima, kisha akaja sebuleni, akakaa, akamwambia dereva: “Umenisaidia. Kama mke wangu ameamini, basi ule mguu niliukunja sawasawa.”

Hapo tena watasema unyenyekevu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na niliona alivyokuwa akiizima simu na kuiwasha, kisha kuizima tena. Mtu akimeza tusi kwa sababu hana pa kulitemea, hiyo si sifa yake. Ni aibu ya waliomtukana.

Kiarabu chake kilikuwa cha langoni: yalla, halas, mafi, yaani twende, basi, hakuna. Kusoma hakuweza kabisa. Alipoanza kupewa maneno ya kusema, sentensi moja, mbili, alikwenda na karatasi kwa Myemeni mwenye duka la vyakula mkabala na jengo, akamwomba amsomee huku simu ikirekodi. Kisha aliweka kisikilizi sikio moja na kusikiliza zamu nzima, sikio la pili likibaki la kazi. Hakurudia maneno tu. Myemeni alikuwa na mafua, basi na mafua yakaingia. Akipumua katikati ya neno, Mlinzi naye alipumua hapo hapo.

“Anza na sauti,” alikuwa akisema. “Maana ina miguu, itakuja yenyewe.”

Ijumaa tukienda soko la Al-Dirah, sisi wengine tulitafuta mablanketi na saa za bei rahisi. Yeye alizunguka kwa wauza nguo kuukuu, akishika kola za kanzu za watu na kuuliza aliyeivaa alikuwa mtu gani. Wauzaji walimwona mwendawazimu. Siku moja alinunua kanzu ya hamali, imetoboka begani mahali pa kubebea mizigo, akaileta nyumbani kama mtu aliyenunua suti ya harusi. Alisema kuna filamu itapigwa Jeddah, filamu kamili ya sinema, kuhusu hamali wa bandarini anayedaiwa kuiba. Mwongozaji, binti wa Jeddah, alikuwa amemwona akianguka katika tamthilia fulani na alitaka kumjaribu katika nafasi ya hamali mwenyewe. Si kufa dakika ya pili. Filamu nzima.

Akaipata kazi hiyo. Na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Asiyewahi kufanya kazi huku ajue kwamba mtu hufanyia kazi kafili wake tu, mwajiri mdhamini ambaye jina lake limo kwenye ikama, kibali cha kuishi nchini. Kumfanyia mwingine bila karatasi ni kosa. Lakini miongoni mwetu kulikuwa na desturi ya kufunikana. Mtu akiwa na shida ya siku mbili tatu, mwenzake anashika zamu yake, msimamizi anaandika kwenye daftari kana kwamba hakuna kilichotokea, na kafili akiuliza, msimamizi anasema mtu anaumwa, yuko chumbani. Ilikuwa desturi kongwe kuliko sisi. Wasimamizi Wakenya wote niliowajua waliifuata, na aliyekubali kukufunika hakuweza kurudi nyuma. Hilo halikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo tuliliheshimu kuliko yaliyoandikwa.

Mlinzi alinijia akiwa amevua kofia. “Mzee, naomba unifunike. Siku kumi, Jeddah. Kampuni yao inatayarisha karatasi za kunihamisha kwao, lakini picha zinaanza Jumapili.”

“Nenda,” nilimwambia. “Nitakufunika.”

Nilisema hivyo mbele ya watu, chakula kikiwa mezani, na nilijisikia mkubwa. Dereva wa lori la maji akanipigia saluti.

Siku ya sita kafili alifika lango la pili bila kutarajiwa. Alimkuta kijana wa Uganda kwenye kiti cha Mlinzi. Hakuniuliza ana kwa ana. Alinitumia ujumbe wa sauti, maneno machache tu: yuko wapi huyu?

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Ikama yangu ilikuwa imebakiza wiki sita, na kafili alikuwa amekwisha kunidokezea kwamba wazee wamezidi kazini. Hizi si sababu. Ninaziandika ili msomaji ajue bei niliyomuuzia mtu. Ningeweza kusema anaumwa. Neno lilikuwa tayari, limetumika mara mia, lilikuwa likingoja ulimi tu. Badala yake nilibonyeza simu, nikakohoa mara mbili, nikasema kwa Kiarabu: “Wallahi, sijui aliko. Nadhani ametoroka.” Mimi ni Mkristo. Niliapa kwa kiapo cha dini ya kafili ili uongo wangu uingie vizuri sikioni mwake.

Siku hiyo hiyo akamfungulia hurubu, yaani taarifa ya kutoroka. Mtu akishaandikwa hurubu, ikama yake imekufa mfukoni mwake. Mlinzi alikamatwa kwenye ukaguzi wa barabarani Jeddah, amevaa ile kanzu iliyotoboka begani, akapelekwa tarhili, kituo cha kurudisha watu makwao. Alikaa huko wiki tatu. Siku moja kwenye foleni ya chakula watu walisukumana naye akaanguka. Hakukuwa na boksi chini, wala nafasi ya kujipanga. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika na kikaunga vibaya. Mtu aliyejifunza kuanguka ubavuni, kifudifudi na kwa magoti hakuweza kuanguka tena kwa kazi.

Mwongozaji ndiye aliyehangaika. Alimpigia kafili, akaenda ofisi za kazi, akabishana mpaka hurubu ikafutwa na Mlinzi akahamishiwa kampuni yao. Lakini filamu haikuweza kusimama wiki tatu. Hamali alikuwa amepewa mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa kidogo: msimamizi wa mahamali, mtu anayesimama tu pembeni na daftari.

Kule nyumbani Riyadh tulikuwa na la kusema. Dereva alisema: “Nilimwambia steringi hafi, lakini kufungwa hufungwa.” Watu wakacheka. Mara hiyo mimi sikucheka, lakini pia sikusema. Hakuna aliyejua kuhusu ule ujumbe. Walidhani kafili aligundua mwenyewe. Ikama yangu ilifanywa upya kwa mwaka mmoja, kisha kafili akaniacha hata hivyo. Nikapata ukarani wa vibali vya malori katika bandari ya Jeddah, na hapo ndipo nilipo.

Filamu ilipotoka nilikwenda kuitazama peke yangu, mchana. Nilitaka kuona nilichoharibu. Hamali aliyechukua nafasi yake ni mwigizaji mzuri, simlaumu. Halafu, katikati ya filamu, bosi wa bandari anamwita msimamizi na kumuuliza yuko wapi hamali fulani, ambaye msimamizi mwenyewe amempa ruhusa ya kwenda hospitali. Mlinzi yuko pale na daftari kwapani. Anamtazama bosi viatuni. Anaizungusha saa yake mkononi kwa kidole gumba. Anakohoa mara mbili, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Kisha anasema: “Wallahi, sijui aliko. Nadhani ametoroka.”

Mwanamke nyuma yangu alivuta pumzi kwa meno. Mimi nilikuwa nimeshika saa yangu, na kidole gumba kilikuwa juu yake.

Alionekana dakika sita katika filamu nzima, na ni dakika hizo zilizompa kila alichonacho leo. Walimwita katika filamu nyingine, na nyingine. Waandishi walimuuliza alivyofika Jeddah, akajibu: “Msimamizi wangu alinipa ruhusa.” Alikomea hapo. Basi nikawa mtu maarufu. Wakenya walianza kunisimamisha hapa bandarini. “Mzee, wewe ndiye uliyemwachilia. Ubarikiwe.” Dereva wa lori la maji, ambaye sasa yuko Jeddah na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kufaana, aliniita mlezi wa vipaji. Nilishukuru. Kwa miaka miwili nilishukuru, na kila nilipokwenda nyumbani nilijichukia kidogo zaidi, lakini nilishukuru.

Mwezi uliopita chama kilikodi istiraha, nyumba ya mapumziko yenye ua, ili kumkaribisha Mlinzi mchana wa Ijumaa. Pilau, chapati, maturubai, vipaza sauti. Mwenyekiti alikuwa amenipanga nizungumze baada ya chakula. Nilimwona Mlinzi kwenye bomba la kunawia, akinawa mkono mmoja kwa taabu kwa sababu ule wa kushoto haugeuki vizuri. Nilikwenda nikasimama karibu.

“Shikamoo, Mzee,” alisema. “Umenenepa. Bahari imekupenda.”

“Nimekuja kukwambia jambo.”

“Najua ni lipi.” Alifunga bomba. “Kafili alimtumia mwongozaji ule ujumbe wako, kuthibitisha kwamba hata msimamizi wangu anasema nimetoroka. Nilipotoka ndani mwongozaji akaniuliza, huyu ni nani? Nikamwomba anitumie. Bado ninao.”

“Ulinichukia?”

“Miezi mingi. Nililala na kisikilizi sikioni nikikuchukia.” Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na macho hayakuwa ya kunisamehe. “Katikati ya hayo wakanipa yule msimamizi, na mwongozaji akaniacha niseme maneno yako. Nilihitaji mtu, na wewe nilikuwa nimekusikiliza mara elfu.”

Alijifuta mkono kwenye suruali, akanisogelea kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake.

“Kuna kitu nimetaka kukuuliza miaka yote hii. Kile kikohozi. Ulikuwa na kifua siku ile, ama ulikuwa unatafuta maneno?”

“Maneno nilikuwa nayo,” nilisema. “Yale ya kufunika. Nilikuwa nayasukuma chini.”

Alifikiri. “Basi nilikosea kidogo,” akasema. “Mimi nilikohoa kama anayetafuta.” Akaenda kukaa.

Mwenyekiti alikuwa tayari kwenye kipaza sauti. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeishi na nyota huyu, kwamba alikiona kipaji tangu siku ya kwanza, kwamba siri ya mtu huyu ni moja, unyenyekevu. Watu wakaitikia amina. Kisha akaniita mimi, mlezi, aliyemwachilia ndege aruke.

Nilishika kipaza sauti. Sikukohoa.

“Nilimpa ruhusa kwa mdomo wangu,” nilisema, “na siku ya sita nikamwambia kafili, wallahi, sijui aliko, nadhani ametoroka. Alifungwa kwa sababu yangu. Mkono ule ulivunjika kwa sababu yangu.”

Halafu mwenyekiti akapasuka kwa kicheko na kupiga mapaja. “Jamani, Mzee ametuigizia ile sehemu ya filamu. Hata sauti ni ile ile.” Ua mzima ukacheka. Wakapiga makofi. Mtu mmoja kwenye meza ya mbele aliinua simu: “Rudia, Mzee, sikuwa nimewasha kamera.”

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kweli yangu na hakuna aliyeitaka. Walikuwa wameshajitengenezea hadithi nzuri, wao wakiwa ndani yake wote ni wema, na hawakuwa na nafasi ya mtu mbaya.

Mlinzi aliweka sahani chini. Aliinuka taratibu, akaenda mpaka kwa yule mwenye simu, akaishusha ile simu kwa mkono wake mzima.

“Haigizi,” alisema. Makofi yakafifia meza kwa meza. Alimtazama mwenyekiti mpaka yule akaacha kutabasamu, kisha akanigeukia. “Rudia, Mzee.”

Nikarudia, neno kwa neno, nikaongeza na maboksi na mkuki na simu ya mkewe. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.